Kopo la silikoni na mlio wa mbele: tathmini ya miezi minane kwenye gari kuukuu

Mlio ulianza kama mzaha. Kila nilipopanda tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, upande wa mbele wa gari ulitoa sauti nyembamba ya kulalamika, mfano wa bawaba ya kabati ambayo haijaonja mafuta kwa miaka, kisha ukanyamaza mara tu barabara iliponyooka. Mvua ikinyesha haukusikika kabisa. Jua likiwaka siku mbili mfululizo ulirudi ukiwa umeongezeka. Gari lenyewe ni la mwaka 1998, limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 240,000, na mbele lina mfumo wa MacPherson, uliopewa jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambamo springi na shokapu hukaa pamoja kama nguzo moja na gurudumu hushikiliwa kwa chini na mkono mmoja wa chuma. Ninayataja hayo mapema kwa sababu ninachokitathmini hapa ni kopo la grisi ya silikoni ya kupuliza, na thamani ya kopo hilo haiwezi kupimwa bila kujua limepulizwa wapi na kwa kusudi gani. Chapa siitaji, kwa kuwa makopo ya aina hii huuzwa kwa majina mengi na ninachopima ni aina ya bidhaa.

Kopo nililonunua ni la mililita 400, nalo huja na kijiti chembamba cha plastiki kinachochomekwa kwenye tundu la kupulizia. Kinachotoka mwanzoni ni majimaji mepesi kama maji, ambayo hupenya kwenye nafasi finyu, kisha baada ya dakika chache kiyeyushi kinaruka na kuacha utando usio na rangi unaoteleza sana. Nilipousugua kati ya kidole gumba na cha shahada niliona kwamba haunati wala hauchafui, na hiyo ni sifa kubwa kwa kitu kitakachokaa chini ya gari, mahali ambapo kila chenye kunata hugeuka tope.

Sababu ya kuchagua silikoni badala ya mafuta ya kawaida inastahili maelezo, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Kabla ya kununua kopo hili nilikuwa nimepulizia raba zote za mbele mafuta ya kulegezea nati zilizoshika kutu, na kwa siku tatu nilijiona bingwa. Siku ya nne mlio ulirudi na nguvu mpya. Mafuta yanayotokana na petroliamu hunywewa na raba ya asili, ambayo huvimba, hulainika na kupoteza uwezo wake wa kunyumbuka na kurudi. Zaidi ya hapo, hukusanya vumbi na kulifanya uji unaosaga raba kama msasa laini. Silikoni haiili raba ya asili kwa namna hiyo. Hata hivyo lebo isomwe, kwa sababu baadhi ya makopo ya kupuliza yana viyeyushi vikali, na linalofaa ni lile lililoandikwa wazi kwamba ni salama kwa raba.

Nilianza kutafuta chanzo nikiwa na msaidizi mmoja, injini imezimwa, mahali pasipo na kelele. Mdogo wangu aliikandamiza pua ya gari kwa mikono miwili na kuiachia, tena na tena, nami nikachuchumaa na kipande cha mpira wa bomba chenye urefu wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine nikiisogeza kutoka kiungo hadi kiungo. Bila mpira huo ningeapa kwamba mlio wote unatoka kulia. Chuma husafirisha sauti, na kinacholia upande mmoja husikika vizuri kabisa upande wa pili, hasa ukiwa umeketi ndani, ambako bodi nzima hugeuka spika. Kwa mpira sikioni ilidhihirika kwamba kulikuwa na sauti mbili: moja ya katikati, nyembamba na ndefu, na nyingine ya kushoto, fupi na nzito kidogo, ambayo haikutoka kila mara.

Kabla ya kugusa kopo nilitumia maji ya sabuni kwenye chupa ya kunyunyizia. Ninawashauri wote waanze hivyo, kwa kuwa maji hukauka na kukuacha pale ulipokuwa, ilhali silikoni ikishaingia mahali kipimo kinachofuata kimeharibika. Hutajua tena kama kimya kimeletwa na bushi, yaani kile kipande cha raba kinachokaa kwenye kiungo cha chuma, uliyoipulizia sasa au ile ya dakika kumi zilizopita. Nilinyunyizia bushi moja, tukakandamiza, tukasikiliza, ndipo nikahamia nyingine. Bushi ya stabilaiza ya upande wa kulia ilipolowa, ile sauti ndefu ilikatika ghafla kama redio iliyochomolewa kwenye umeme.

Stabilaiza ni ule mtaimbo wa chuma uliopinda, unaovuka kutoka gurudumu moja hadi jingine ili gari lisilale sana kwenye kona. Umefungwa kwenye bodi kwa bushi mbili za raba, nao huzunguka ndani ya bushi hizo kila magurudumu yanapopanda na kushuka. Katika magari mengi ya umri huu raba haikugandishwa kwenye chuma, kwa hiyo kuna kuteleza kwa kweli kati ya vitu viwili vikavu, na punje za mchanga zikishaingia katikati, mlio ni jambo la kutarajiwa. Hapa kopo lilifanya kile hasa lilichoahidi: nilikichomeka kijiti kwenye ukingo wa bushi, nikapuliza mara mbili kila upande, na gari likanyamaza.

Kimya hicho kilidumu wiki tatu hivi, zikiwemo siku kadhaa za mvua kubwa. Nilipuliza tena, nikapata wiki mbili. Safari ya tatu nilifanya kazi kama inavyotakiwa: nilifungua bolti mbili za kibano, nikaitoa bushi, nikausafisha mtaimbo kwa kitambaa hadi ukang'aa, nikaosha ndani ya raba kwa maji ya sabuni na kuikausha, kisha nikapaka grisi nzito ya silikoni ya tyubu, ile inayokaa kama malai. Tangu siku hiyo ni miezi sita na bushi hizo hazijalia. Kwa hiyo kama unajua tayari kwamba tatizo lako ni bushi za stabilaiza na raba zenyewe bado ni nzima, achana na kopo na ununue tyubu. Raba ikiwa imelegea kiasi kwamba mtaimbo unacheza ndani yake, hata tyubu haifai. Badilisha bushi, ambazo kwa kawaida ni miongoni mwa spea nafuu kuliko zote za mbele.

Ilibaki ile sauti ya kushoto, na hapo ndipo kopo lilipokaribia kuniponza.

Mkono wa chini una bushi zake mbili, na kwa macho zinafanana na ndugu zake za stabilaiza, ila kazi yake ni tofauti kabisa. Bushi ya mkono ni raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Mkono unapopanda na kushuka hakuna kinachoteleza, bali raba yenyewe hujisokota kama kitambaa kinachokamuliwa na kurudi. Bushi ya namna hii ikiwa nzima haihitaji kilainishi chochote. Ikilia, maana yake raba imeachana na chuma, au imepasuka na nyuso za mpasuko zinasuguana, na ukiipulizia silikoni utakuwa umemziba mdomo shahidi. Nilipulizia. Sauti ikapungua. Nikaridhika kwa mwezi mzima, na laiti usukani usingeanza kulalamika nilipokuwa nikiegesha, ningeendelea kuridhika.

Mlio unaotoka usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama una washukiwa wachache. Beringi ya maunti ya juu ya shokapu, pale nguzo inaposhikwa na bodi na kuzunguka pamoja na usukani, ikiwa imekwama, springi hujisokota kisha hufyatuka na kutoa mlio wa kamba ya gitaa, na ukiigusa springi kwa nje kwa ncha za vidole, bila kuviingiza katikati ya mizunguko yake, utauhisi mruko huo. Springi yangu ilizunguka kwa utulivu. Nilishusha kiganja hadi kwenye boli jointi ya chini, kile kiungo kinachouunganisha mkono wa chini na gurudumu, msaidizi akazungusha usukani polepole sana, na kupitia kile kikombe cha chuma nikahisi mtetemo mdogo wa kukwaruza, kama ukucha unaopita juu ya meno ya kitana, sambamba kabisa na sauti.

Boli jointi ni tufe la chuma ndani ya kikombe, kati yake kuna ganda la plastiki na grisi, na juu yake kofia ya mpira inayozuia maji na mchanga. Nyingi za magari ya miaka ya karibuni hazina nipeli ya kuongezea grisi. Iliyotiwa kiwandani ndiyo ya maisha yake yote, na maisha hayo huisha kofia inapochanika. Kofia yangu ilikuwa na mpasuko upande wa nyuma, usioonekana ila kwa kioo kidogo. Nilipoubana kwa vidole yalitoka matone ya maji yenye rangi ya chai ya rangi. Ili kupata uhakika nilijaza grisi kwenye bomba la sindano, nikaipenyeza kupitia mpasuko huo, na baada ya kuzungusha usukani mara chache sauti ikapotea. Ninasisitiza kwamba hicho kilikuwa kipimo tu. Tufe lililokwisha kushika kutu limekwisha kulila ganda lake, na grisi mpya hairudishi chuma wala plastiki iliyolika. Mwisho wa kiungo kama hicho ni tufe kuchomoka kwenye kikombe na gurudumu kulala ubavu, pengine ukiwa katikati ya kona.

Katika mfumo wa MacPherson uzito wa gari hupita kwenye springi na nguzo ya shokapu, hivyo boli jointi ya chini haibebi uzito huo bali hulishikilia gurudumu mahali pake. Ili kupima ulegevu, gari huinuliwa kwa kuwekea stendi chini ya bodi, magurudumu yakaning'inia, kisha mtaimbo wa kushika mkononi, si ule wa stabilaiza, hutumika kuusukuma mkono juu na chini huku jicho likiangalia kiungo. Magari yenye mikono miwili, wa juu na wa chini, ambayo springi yake hukaa juu ya mkono wa chini, ni tofauti: pale boli jointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo, na jeki huwekwa chini ya mkono wenyewe ili mzigo uondoke kwenye kiungo, la sivyo springi itaukandamiza ulegevu na utajidanganya kwamba kiungo ni kizima.

Kabla sijafika hapo nilikuwa nimepitia gereji moja, ambayo nayo inastahili mistari michache katika tathmini hii. Fundi alikandamiza bawa la gari mara moja, akajipangusa mikono na kuniambia, "Mzee, shokapu zimekwisha zote mbili." Gari halikuinuliwa, wala gurudumu halikuguswa. Shokapu iliyokwisha huvuja mafuta ubavuni, huliacha gari likiendelea kudunda baada ya tuta na hulila tairi kwa madoadoa. Kulia kwa sauti nyembamba si tabia yake ya kawaida. Zangu zilikuwa kavu na gari lilitulia baada ya mdundo mmoja. Fundi wa gereji ya pili alisikiliza kwa robo saa nzima bila kusema neno, akaomba mtaimbo, akausukuma mkono wa kushoto na kuniita nitazame pengo likifunguka na kufunga, dogo lakini la wazi, na nyuma yake bushi iliyoachana na chuma kwa nusu ya mzingo wake. Bushi ile niliyoinyamazisha mwenyewe. Huyu alinitoza kwa muda wa kusikiliza, na ninaona alistahili kila senti.

Kwa gari langu mkono wa chini huuzwa mzima, bushi na boli jointi zikiwa zimekwisha kushindiliwa, na nilibadilisha yote miwili kwa kuwa wa kulia una umri uleule. Kazi yenyewe haihitaji kugusa springi, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa sababu springi iliyokandamizwa ina nguvu ya kuua na haifai kufunguliwa bila kibano chake maalumu. Magurudumu ya nyuma yalizuiwa kwa vigingi, gari likakaa juu ya stendi na wala si jeki tupu, nati ya boli jointi ikalegezwa bila kutolewa yote, na pigo mbili za nyundo ubavuni mwa chuma kinachoushika mkia wa kiungo zikatosha kuufungua.

Hatua ambayo fundi wengi huiruka, na ambayo nilisimama kuihakikisha, ni ukazaji wa bolti za bushi. Bolti hizo ziliingizwa na kukazwa kwa wepesi tu wakati magurudumu yananing'inia. Gari likashushwa, likabeba uzito wake wote, likakandamizwa mara kadhaa ili likae sawa, ndipo zikakazwa kwa spana ya kupimia mkazo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kwa kuwa raba ya bushi hujisokota, ukiikaza mkono ukiwa umening'inia unaifanya ile hali ya kuning'inia iwe ndiyo hali yake ya kupumzika, na gari likishuka raba itakuwa imesokotwa muda wote, hata usiku likiwa limeegeshwa. Bushi mpya kabisa huchanika mapema kwa kosa hilo, na mwenye gari hulaumu spea. Nati za kujifunga ziliwekwa mpya, na siku hiyohiyo nikapima na kurekebisha mwelekeo wa magurudumu.

Nilishawishiwa pia kuweka bushi za polyurethane, aina ya plastiki inayochukua nafasi ya raba, ngumu na zenye sifa ya kudumu. Nilikataa. Nyingi za aina hiyo hazijisokoti bali huzunguka juu ya bomba lake, hivyo hutegemea grisi ya silikoni, na anayezifunga kavu hununua mlio mpya kwa pesa yake mwenyewe. Kwa anayependa gari gumu kwenye kona zinafaa; kwa aliyeanza safari hii akikimbia kelele, raba ya kawaida inatosha.

Nirudi kwenye kopo na kasoro zake. Ya kwanza, na mbaya zaidi, ni kwamba ukungu wake husambaa: diski ya breki iko karibu kabisa na unapopulizia, na diski yenye silikoni haishiki. Mimi huifunika diski na kalipa, kile kibano cha breki kinachoibana diski, kwa mfuko wa plastiki, na tone likiponyoka husafisha kwa dawa ya kusafishia breki na kujaribu kusimama kwa mwendo mdogo kabla ya kuingia barabarani. Ya pili ni kwamba silikoni ikifika kwenye bodi linalosubiri rangi, rangi mpya huikimbia na kuacha vishimo. Gesi yake inashika moto, kwa hiyo isipulizwe karibu na ekzozi yenye joto. Kijiti nacho hupotea. Cha kwangu nimekifunga kwenye kopo kwa mpira wa pesa.

Kama tiba ya mlio wa mbele ninalipatia kopo alama 2 kati ya 5, kwa kuwa mahali pekee lilipotibu, tyubu ilitibu vizuri na kwa muda mrefu zaidi. Kama kifaa cha uchunguzi ninalipatia 4, kwa sharti kwamba maji ya sabuni yatangulie, na kwamba kimya kikipatikana kwenye bushi ya mkono au karibu na boli jointi, hatua inayofuata iwe kuinua gari, si kupuliza tena.

Mikono mipya imekwisha kutembea kilomita 4,000 bila kulalamika. Wiki iliyopita nilisikia tena sauti nyembamba kwenye tuta, nikashuka na kipande changu cha mpira, nikazunguka gari lote na kuambulia patupu, hadi mdogo wangu aliponiomba niketi na kuinuka. Ilikuwa reli ya kiti cha dereva, na kwa reli hiyo mpulizo mmoja ulitosha.